Chekechea zimefunguliwa, duara limekatazwa: tunaimbaje na kucheza na watoto wakati huu wa korona?

Mwalimu wa Kaloleni · 9 Januari 2021, saa 2:14 usiku

Walimu wenzangu na wazazi, salaam.

Huku Kenya tumerudi shuleni Jumatatu tarehe 4, baada ya kufungwa tangu katikati ya Machi mwaka jana. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walitangulia mwezi wa Oktoba, lakini hawa wangu wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea, hawajaliona darasa kwa zaidi ya miezi tisa. Kwa mtoto wa miaka minne hicho ni kipande kikubwa mno cha umri wake. Wapo walioondoka wakihesabu mpaka ishirini kwa wimbo, wamerudi wananitazama tu.

Maagizo ni mita moja na nusu kati ya mtoto na mtoto, barakoa, kunawa mikono, na michezo ya kukusanyika isimame. Wimbo tuufanyeje, hakuna aliyetuambia. Shule moja ya jirani imeamua kufuta kabisa kipindi cha nyimbo na michezo mpaka ugonjwa uishe, na nasikia hapa kwetu pia wazo hilo linanukia.

Mimi silikubali. Chekechea hatuimbi ili kupoteza muda. Siku za wiki zinaingia kwa wimbo, viungo vya mwili kwa wimbo, hesabu kwa kuruka, foleni ya uji kwa wimbo, na mtoto anayemlilia mamake tunamnyamazisha kwa wimbo. Ukiuondoa, unabaki na watoto wadogo waliokalishwa mbalimbali wakitazama ubao wasioujua.

Naomba tuchangie mambo yanayofanyika kweli, penye watoto wengi na pesa kidogo. Ukuti tutauchezaje bila kushikana mikono? Ngoma moja na kayamba mbili zitawatosha vipi watoto wote bila kupokezana? Na kuimba kwenyewe kuna hatari kiasi gani?

---

Mama wa Mtwapa · 9 Januari, saa 2:51 usiku

Mwalimu, nakuheshimu sana na kazi yenu naiona. Lakini mwaka mmoja bila nyimbo hautamdhuru mtoto, korona yaua. Nyumbani kwangu kuna nyanya yake, ana sukari na presha. Mtoto akitoka shule, wa kwanza kumkumbatia ni yeye. Mimi naomba wakae mbalimbali, wajifunze herufi na namba zao, warudi nyumbani. Nyimbo wataimba maisha yao yote yaliyobaki.

---

Tabibu Kijana · 9 Januari, saa 3:30 usiku

Mimi ni afisa wa kliniki, na binti yangu yuko PP2. Nimeusoma uzi huu nikiwa na kofia zote mbili.

Hofu ya mama wa Mtwapa si ya bure. Machi 10 mwaka jana, katika kaunti ya Skagit jimbo la Washington huko Marekani, kwaya moja ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ukumbini. Walikuwa watu 61 na mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Baadaye watu 53 walihesabiwa kuwa wameugua, 33 kwa kipimo na 20 kwa dalili, na wawili wakafariki. Tangu siku hizo kuimba kumeogopwa dunia nzima.

Sasa tazameni hali yenyewe ilivyokuwa. Watu wazima, ndani ya ukumbi, wamekaa karibu, muda mrefu, sauti zimefunguliwa kabisa. Hewa iliyotoka kwenye pafu la mgonjwa haikuwa na pa kwenda. Mwezi wa Agosti watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walipima vichembe vinavyotoka mdomoni mwa waimbaji 25. Waligundua kwamba kwa sauti ya kiwango kimoja, kuimba hakupishani sana na kusema. Kinachopandisha vichembe ni ukubwa wa sauti: kutoka sauti ya chini kabisa mpaka ya juu kabisa, wingi wake uliongezeka hata mara 20 hadi 30.

Kwa hiyo mwalimu, mtoto anayepiga kelele "niko hapa!" darasani analeta hatari zaidi kuliko anayeimba polepole chini ya mwembe. Toka nje. Punguza sauti. Fupisha muda, imba dakika chache kisha mfanye jambo jingine. Watoto wasielekeane uso kwa uso. Ukifanya hayo manne pamoja umeondoa sehemu kubwa ya kile kilichowaangamiza wale wa Skagit.

Barakoa nayo niiseme. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo Agosti mwaka jana kwamba mtoto wa miaka mitano kushuka chini asilazimishwe kuivaa, na kwamba mtoto anayekimbia na kuruka asiwe nayo usoni, maana inalowa na kumzuia kupumua vizuri. Kama shule yenu inawavalisha, fuateni utaratibu wenu wakiwa darasani. Uwanjani, kabla hawajaanza kuruka, watawanyeni kwanza, halafu barakoa zishuke na kila moja iingie mfukoni mwa mwenyewe. Msizirundike kwenye ndoo moja. Hilo nimeliona kwa macho yangu na linatisha kuliko wimbo.

---

Mwalimu wa Kaloleni · 9 Januari, saa 3:58 usiku

Ahsante daktari. Hili la ukubwa wa sauti sikuwa nimelisikia, na linabadilisha mambo mengi.

Mama wa Mtwapa, nyanya wa mtoto wako namweka moyoni. Lakini uwezo wa kuketi na kushika penseli unatoka mwilini kwanza. Mtoto asiyeruka kwa mguu mmoja, asiyejua kuvuka mkono wa kulia kwenda kushoto, herufi zitamsumbua. Shirika hilo hilo la afya lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji dakika 180 kwa siku za kujishughulisha na mwili wake, na 60 kati ya hizo ziwe za kutoka jasho. Wengi wa hawa wangu wamekaa miezi tisa kwenye vyumba vya kupanga. Wanaanguka wanapokimbia. Ndiyo maana nang'ang'ana.

---

Mwl. wa Nyamagana · 10 Januari, saa 1:20 asubuhi

Habari za asubuhi wakuu. Niko Mwanza, nafundisha darasa la awali. Huku kwetu shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni mwaka jana, hivyo haya mnayoyawaza tumeshayaishi nusu mwaka. Naeleza yaliyonifaa.

Kwanza nilichora nyumba. Unachomeka kijiti ardhini, unafunga kamba, unazunguka ukimwaga majivu ya jikoni. Kila mtoto anapata duara lake, na katikati naweka alama yake kwa sababu hawajui kusoma: jani, samaki, nyota, kikombe. Mvua ikipita nachora upya, na siku hizi watoto wenyewe ndio wanaonikumbusha nyumba ya nani imefutika. (Msitumie chokaa mbichi jamani, inaunguza ngozi.)

Halafu kuna mchezo wa hodi. Mtoto akiwa ndani ya duara, yuko nyumbani kwake. Mwalimu anapita na vijiti viwili, anasimama nje ya nyumba bila kuingia, anagonga mara mbili: ho-di. Mwenye nyumba anajibu kwa miguu mara tatu: ka-ri-bu. Hakuna aliyefungua mdomo. Wakishazoea unagonga polepole, naye ajibu polepole. Unagonga haraka, ajibu haraka. Unagonga kwa nguvu, unagonga kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto aliyelala. Wiki inayofuata nyumba zinapigiana hodi zenyewe kwa zenyewe. Mtoto aliyezisikia silabi tatu kwenye nyayo zake, siku ya kumwandikia "karibu" ubaoni hakusumbui.

Ule mchezo wa nyama nyama mnaujua wote: mwalimu anataja mnyama, akiwa analiwa watoto wanaruka na kuitikia "nyama!", akiwa haliwi wanatulia tuli. Nimeuacha kama ulivyo, ila kuitikia nimekuondoa. Wanaruka na kupiga mapaja. Tena umekuwa mgumu zaidi, maana zamani anayekosea alijificha kwenye kelele za wenzake.

Na jambo la tatu, jamani, ngoma zetu wenyewe. Bugobogobo ya Wasukuma inachezwa na majembe. Wachezaji wanayazungusha na kuyarusha juu, kwa hiyo hakuna anayemsogelea mwenzake. Nafasi imo ndani ya ngoma tangu mababu. Watoto wangu nimewakatia majembe ya boksi gumu, mpini wa karatasi iliyokunjwa. Kila mmoja ana lake, limeandikwa alama yake, na mtoto mwenyewe anajua akimkaribia mwenzake jembe halizunguki. Sijawahi tena kutamka neno "umbali" uwanjani.

---

Tabibu Kijana · 10 Januari, saa 1:47 asubuhi

Mwalimu wa Nyamagana, huo mchezo wa hodi nimeucheza na binti yangu sebuleni sasa hivi. Mama yake ametoka chumbani kuuliza nani anagonga.

---

Babu wa Kayamba · 10 Januari, saa 3:05 asubuhi

Wanangu, mimi nimetengeneza kayamba maisha yangu yote, na niwajibu hilo la vyombo.

Kayamba ya mabua haioshwi. Ukiilowesha imekufa, mabua yanavimba na mbegu ndani zinaoza. Kwa hiyo usiipokezanishe kwa watoto kisha ukadhani utaipangusa kwa kitambaa. Iwe ya mwalimu peke yake. Ngoma ya ngozi nayo ni hivyo hivyo, maji na sabuni ni adui wa ngozi. Mwalimu apige, watoto wacheze.

Watoto watengenezewe vyao. Chupa ndogo ya maji, kokoto au punje za mahindi robo ya chupa. Usijaze, ukijaza hailii. Kifuniko kipake gundi kabla ya kukifunga, kisha ukizungushie utepe wa nailoni, maana mtoto mdogo akikifungua atatia punje puani au mdomoni. Kwa walio chini ya miaka mitatu mimi ningeacha kabisa punje. Wape vifuu viwili vya nazi vilivyopigwa msasa, wagongeshe. Kifuu kinaoshwa kwa sabuni na kukaushwa juani, na sauti yake tamu kuliko chupa.

Cha tatu ni vizibo vya soda. Vigonge viwe bapa, toboa katikati kwa msumari, pitisha vitano au sita kwenye waya, waya ufunge kwenye kijiti chenye panda. Kingo zipigwe nyundo vizuri zisikate. Vizibo vikifungwa kwenye kitambaa cha kifundo cha mguu vinakuwa njuga. Hapo mikono haina kazi yoyote, mtoto anacheza na njuga zinajibu.

Filimbi, zumari, chochote cha kupuliza, wekeni juu ya kabati.

Na huyo mwalimu wa Mwanza amesema kweli. Hata kwetu, Mgiriama anapocheza kwa mabega hahitaji kumgusa mtu. Simama pako, mabega yafanye kazi. Wafundisheni mabega. Mtoto wa siku hizi anacheza kiuno tu kwa sababu ndicho anachokiona kwenye simu.

---

Mwalimu wa Kaloleni · 10 Januari, saa 3:40 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Nakushukuru. Robo ya chupa, nimeiandika.

---

Babu wa Kayamba · 10 Januari, saa 3:52 asubuhi

Marahaba mwanangu. Punje kavu, usisahau. Zikiwa mbichi zinaota.

---

Bi Mdogo Unguja · 10 Januari, saa 8:10 mchana

Assalaam alaykum nyote. Mie nasomesha skuli ya maandalizi hapa Unguja.

Kwetu redio si jambo geni kwa watoto wadogo. Tangu miaka ya 2000 kulikuwa na vituo vya Tucheze Tujifunze, mtoto anasoma kwa redio, na ndani ya kipindi mna nyimbo na michezo: redio inasema simama, ruka, geuka, na mtu mzima aliyekuwepo anasaidia. Kwa hivyo skuli zilipofungwa mwezi wa tatu mwaka jana, mie nilijua mtoto anaweza kucheza kwa sauti asiyoiona. Wazazi wangu wengi simu zao ni ndogo na bando la video hawaliwezi. Nikawa narikodi ujumbe wa sauti wa dakika moja: mapigo ya meza, maneno machache, na kazi ya mwili. "Tembea kama unabeba ndoo kichwani. Usimwage." Mtoto anazunguka uani. Kesho naongeza pigo moja tu. Video zinawakalisha kitako, sauti inawainua.

Nawausia mkayaweke haya hata sasa mkiwa mmefungua, maana lolote laweza kutokea, na pia kuna watoto wazee wao hawajawarejesha.

Jengine ni salamu. Watoto wetu wamezoea kuuchukua mkono wa mwalimu na kuubusu. Kuwaambia "usinishike" kuliwatia huzuni, wengine walidhani nimewakasirikia. Tukatia salamu ndani ya wimbo: mkono kifuani, inama kidogo, piga mguu mmoja, simama. Nami nawajibu vile vile, mmoja mmoja, kwa jina lake. Inachukua muda asubuhi lakini sioni muda ulio bora kuliko huo.

---

Mama Pacha · 10 Januari, saa 8:33 mchana

Swali fupi. Je, mdako unafaa? Kila mtoto na vijiwe vyake na shimo lake?

---

Tabibu Kijana · 10 Januari, saa 8:41 mchana

Unafaa. Vijiwe vyake, shimo lake, anawe mikono akimaliza. Kugusa vitu ni njia ya maambukizi pia, ila uzito mkubwa uko hewani. Wengi tunasugua madawati na tumefunga madirisha.

---

Mwalimu wa Himbi · 10 Januari, saa 12:15 jioni

Jambo kwenu bote. Niko nafundisha batoto ba matenele, njo chekechea yenu, hapa Goma. Masomo huku yamefungwa tena tangu tarehe 18 Desemba, batoto bako ku nyumba, njo maana niko na wakati wa kusoma uzi wenu.

Nataka kusema kitu kimoja juu Ebola tulikuwa nayo mbele ya korona. Ilianza Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika hapa Goma Julai 2019, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 balikufa. Kwa hiyo batoto betu balijua kunawa mikono na maji ya klorini ku mlango wa masomo, na balijua kusalimiana bila kushikana, hata mbele neno korona halijafika.

Lakini angalieni tofauti. Ebola inapita kwa kugusa: damu, jasho, matapishi. Hewa haikuwa shida. Kwa hiyo tuliwaambia batoto: musishikane, lakini imbeni! Tuliimba kwa nguvu yote, kila moja na mikono yake mugongoni, ndani ya darasa. Ile sauti ilikuwa inatoa woga. Korona ilipofika tukaendelea vile vile, juu tulizani tunajua kazi. Muganga mumoja njo alitufasiria kwamba hii inageuza mambo: hewa njo mbaya zaidi, mukono unakuja nyuma. Tukafungua madirisha, tukatoka inje, tukashusha sauti.

Sasa niko naona ku Kenya munakataza ukuti juu ya mikono, lakini batoto banakaa ndani na dirisha moja. Chungeni hapo. Kila ugonjwa uko na mulango wake.

---

Mwalimu wa Kaloleni · 10 Januari, saa 2:05 usiku

Mwalimu wa Goma, pole kwa yote mliyopitia. Maneno yako nimeyasoma mara nyingi. Hapa kwetu nguvu zote zimekwenda kwenye mikono, na dirisha la darasa langu moja halifunguki. Kesho fundi anakuja, nimezungumza na wazazi watatu wakachanga.

Kuhusu ukuti nina wazo, nisaidieni kulipima. Tutachukua kamba ndefu na kufunga vipande vya leso kuukuu kila baada ya mita moja na nusu, rangi mbalimbali. Kila mtoto ana fundo la rangi yake na halibadiliki. Wanashika mafundo, duara linazunguka, wanachuchumaa pamoja mwishoni. Kamba inafuliwa na kuanikwa. Wanatazama nje ya duara badala ya ndani, kama alivyosema daktari wasielekeane. Wimbo nauimba mimi kwa sauti ya kawaida, nao wanauvumisha midomo imefungwa, sauti ipite puani.

Na wa kunawa mikono nimewatungia huu. Ukiimbwa polepole mara mbili unavuka sekunde 20 za kusugua:

*Kiganja kwa kiganja, povu njoo,*
*Mgongo wa mkono, povu njoo,*
*Katikati ya vidole, povu njoo,*
*Gumba na kucha zake, povu njoo,*
*Maji mbio, taka mbio, mikono yangu hiyoo.*

Kwenye kibuyu chirizi wanasimama watoto wawili tu, hivyo walio kwenye foleni wanafanya vitendo hewani bila kuimba, wakisubiri zamu.

---

Tabibu Kijana · 10 Januari, saa 2:20 usiku

Kamba naikubali. Wanawe kabla na baada. Kutazama nje ni vizuri, ila jihadhari wanapozunguka wakirudi kinyumenyume wataanguka. Waende ubavu.

---

Mama Safiya · 10 Januari, saa 3:12 usiku

Naomba mnikumbukie mtoto wangu. Ana miaka mitano, hasikii vizuri, sikio moja limefungwa kabisa. Alikuwa akisoma midomo ya mwalimu. Sasa midomo yote imefunikwa, na mwalimu amesimama mbali. Wenzake wakicheza yeye husimama akitazama miguu yao ili aanze, na kila mara amechelewa. Amekuwa hataki shule.

---

Mwl. wa Nyamagana · 10 Januari, saa 3:35 usiku

Pole sana mama. Nilikuwa na mtoto wa hivyo. Tafuta ubao mpana, hata mlango wa zamani, ulazwe chini. Mtoto asimame juu yake bila viatu, na ngoma iwekwe upande wa pili wa ubao huo huo. Pigo linapita kwenye mbao linamfikia miguuni kabla hata wenzake hawajaanza. Mwalimu awe na kitambaa chekundu: kikipanda ni kuanza, kikishuka ni kusimama, kikitikiswa ni haraka. Hicho kitambaa kiwe cha darasa zima, wote wakifuate, asiwe yeye peke yake anayetazama ishara. Na mwalimu ashonewe barakoa yenye kioo cha plastiki laini mbele ya mdomo. Fundi yeyote wa cherehani anaiweza.

---

Mama Safiya · 10 Januari, saa 3:41 usiku

Mungu akuweke. Ubao upo hapa nyumbani. Nitaupeleka kesho mwenyewe.

---

Mama Pacha · 11 Januari, saa 12:40 asubuhi

Na mimi nina jambo. Mmoja wa pacha wangu amerudi shuleni na wimbo ambao korona ni jitu linalokuja kuchukua watoto wanaoshikana. Sasa usiku anaogopa kulala karibu na nduguye. Jana binamu yake alimshika mkono wacheze, akapiga yowe. Walimu, hizi nyimbo mnazitunga kwa nia njema lakini...

---

Mwalimu wa Kaloleni · 11 Januari, saa 1:05 asubuhi

Mama Pacha, umegusa penyewe, na ningeomba kila mwalimu anayesoma hapa asimame kidogo.

Wimbo unakaa kwa mtoto miaka mingi kuliko ugonjwa. Tukimwimbia kwamba mkono wa mwenzake ni hatari, korona itaondoka na maneno yatabaki. Tusilifanye gonjwa hili zimwi. Tuwape la kufanya: nawa, kohoa kwenye kiwiko, simama nyumbani kwako. Na mwenzake atajwe kwa upendo ndani ya wimbo, kwa mfano "nakuona Juma, nakupungia", ili wajue tumesimama mbali kwa sababu tunapendana. Mimi kila wimbo mpya nitakaotunga utakuwa na jina la mtoto mwingine ndani yake na ishara ya kumpungia.

Kwa pacha wako, acha aanze na nduguye huyo huyo. Wapige makofi ya kupokezana, mmoja piga, mwingine jibu, kila mtu mikono yake. Usimharakishe kushikana. Wale wanalala nyumba moja, hatari yao ni ile ile, mweleze hivyo kwa upole kila siku mpaka lile wimbo lifutike.

---

Mama wa Mtwapa · 11 Januari, saa 2:30 asubuhi

Nimesoma yote tangu juzi. Mwalimu, kama ni nje, kila mtoto na chombo chake, sauti ya chini, na muda mfupi, mimi sina kipingamizi tena. Ninachoomba ni kwamba siku ya mvua msiwarudishe ndani mkaendelea kuimba.

Nyanya yake nimemsomea huo wimbo wa povu. Ameshaubadilisha maneno mawili, sasa wanaimba kwa Kigiriama pale bombani.

---

Mwalimu wa Kaloleni · 11 Januari, saa 9:50 alasiri

Mama, siku ya mvua hatutaimba. Tutakaa madirisha wazi, mapigo ya mapaja na miguu peke yake, na hodi ya mwalimu wa Nyamagana. Nakupa neno langu.

Nyanya akikubali, nitumie hayo maneno ya Kigiriama kwa ujumbe wa sauti. Nusu ya darasa langu ndiyo lugha ya nyumbani kwao.

Leo nimejaribu njuga za miguuni na kundi la kwanza, nusu ya darasa uwanjani na nusu chini ya mwembe na msaidizi wangu. Mmoja ambaye tangu tufungue hajasema neno amekanyaga, akasikia njuga, akanitazama, akakanyaga tena. Hakuongea. Lakini kundi lilipobadilishana hakutaka kuzivua, na nimemwachia aende nazo nyumbani kwa kuwa ni zake.

Vizibo vimeniishia. Mwenye duka au hoteli kati ya Mazeras na Kaloleni asivitupe, aviweke kwenye mfuko, nitapita Ijumaa jioni kuvichukua. Vya chupa za kioo, siyo vya plastiki.